Mithai za Kihindi Nyumbani: Tunajibu Barua Zenu

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikikaribia, barua nyingi tunazopokea huwa za sukari na samli. Tumechagua zile zinazouliza mambo yanayowasumbua wengi. Kikombe tunachokitaja ni cha mililita 250, kijiko kikubwa mililita 15, na kijiko cha chai mililita 5. Hata hivyo, mwenye mizani ya jikoni aitumie, kwa sababu kikombe cha maziwa ya unga kilichoshindiliwa na kile kilichomiminwa tu vinapishana sana uzito.

Swali: Ndugu wahariri, gulabjamu zangu, vile vidonge vya maziwa vya kukaanga na kuloweka kwenye shira, hutoka na rangi nzuri, lakini nikizikata nakuta kiini kigumu ambacho shira haikufika. Niliongeza magadi soda ili zilainike, zikapasukia kwenye mafuta. Nakosea wapi?

Jibu: Mafuta yako yana moto mkali. Donge la gulabjamu karibu lote ni maziwa, na sukari na protini za maziwa hubadilika rangi upesi kuliko unga wa ngano. Kwa mafuta ya digrii 170 jamu inakuwa ya kahawia kabla joto halijafika katikati, nawe unaiepua ukidhani imeiva. Kaanga kwa digrii 130 hadi 140. Kama huna kipimajoto, dondosha kidonge kidogo cha donge: kikae chini sekunde kadhaa, kisha kipande polepole kikitoa viputo vidogo. Kikiruka juu papo hapo, punguza moto na usubiri. Jamu zichukue dakika 7 au 8 kupata rangi. Muda wote huo zungusha mafuta yenyewe kwa upawa ili jamu zijigeuze. Ukizigusagusa zikiwa bado laini zitabonyea.

Vipimo tunavyoviamini ni hivi: maziwa ya unga yenye mafuta yake gramu 100, unga wa ngano mweupe gramu 35, magadi soda robo ya kijiko cha chai, samli kijiko kikubwa 1, na maziwa ya maji vijiko vikubwa 4 hivi, ukiyatia kidogo kidogo. Changanya kwa ncha za vidole mpaka vishikane, basi. Usikande. Ukikanda unaziamsha nguvu za ngano, na huo ugumu hautoki hata ukiloweka usiku kucha. Donge liwe bichi kiasi cha kunata vidoleni. Lifunike dakika 10, maziwa ya unga yatanywa unyevu na litashikana. Paka samli viganjani, viringisha vidonge 16 visivyo na ufa hata mmoja, kwa sababu ufa mdogo hupanuka kwenye mafuta.

Magadi uliyoongeza yalizalisha gesi nyingi kuliko donge linavyoweza kuhimili, ndiyo maana zilipasuka. Zikimeguka na kusambaa kwenye mafuta bila kupasuka, hapo shida ni unga mchache au maji mengi. Jaribu jamu moja kwanza kabla ya kutumbukiza zote. Ikimeguka, ongeza kijiko cha chai cha unga kwenye donge lililobaki.

Shira yake: sukari gramu 300, maji mililita 350, iliki 4 zilizopondwa. Sukari ikishayeyuka, chemsha dakika 5 au 6 tu, mpaka ikinata kati ya vidole bila kuvuta uzi. Jamu ziingie zikiwa bado na joto, na shira iwe ya moto unaovumilika, si ya kutokota. Ziache saa 2. Zikisinyaa ndani ya shira, ujue shira ni nzito: sukari nyingi inavuta maji kutoka ndani ya jamu badala ya shira kuingia. Ongeza maji ya moto robo kikombe, pasha taratibu, na mara nyingi zitavimba tena.

Swali: Kila pishi linasema "shira ya uzi mmoja", "nusu uzi", "nyuzi mbili". Nazitambuaje? Na kwa nini shira yangu ikikaa inarudi kuwa sukari?

Jibu: Nyuzi ni njia ya kupima maji yaliyobaki kwenye shira bila kifaa. Shira inavyochemka maji yanapungua, sukari inazidi kukolea, na kiwango cha joto la kuchemka kinapanda. Weka tone kwenye kisahani baridi, ngoja sekunde chache, libane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha vidole polepole mpaka upana wa sentimita 1. Ikinata tu bila uzi, ni ya gulabjamu. Uzi ukianza kisha ukakatika, ni nusu uzi. Uzi mmoja ukivutika bila kukatika, umefika kwenye shira ya barfi nyingi (vipande vya maziwa yaliyogandishwa na sukari), kaju katli (vipande vya korosho) na jalebi (mizunguko ya rojo la kukaanga). Zikitokea nyuzi mbili au zaidi, shira hiyo ni ya mithai zinazotakiwa kuganda kavu na kukaa siku nyingi.

Kwa kipimajoto, mahali pa usawa wa bahari, shira ya kunata huwa karibu digrii 103, uzi mmoja kati ya 106 na 108, na nyuzi mbili karibu 112. Anayeishi mwinuko mkubwa asizifuate namba hizi kama zilivyo. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda, pungufu ya digrii 1 hivi kwa kila mita 300. Pima kwanza maji matupu yanapochemka kwako: yakichemka kwa digrii 95, toa 5 kwenye kila namba tuliyoitaja.

Zima moto kila unapopima. Kati ya uzi mmoja na nyuzi mbili kuna dakika chache mno, na sufuria nzito huendelea kupika hata moto ukizimwa. Ukipitiliza, usimwage: ongeza vijiko 2 au 3 vya maji, chemsha, pima upya. Shira haina kinyongo.

Ama kurudi kuwa sukari, chanzo ni chembe. Chembe moja ambayo haikuyeyuka, au iliyokauka ukingoni mwa sufuria kisha ikaanguka ndani, huzivuta nyingine zikajipanga juu yake. Koroga mpaka sukari iyeyuke yote *kabla* shira haijachemka, kisha uache kukoroga. Futa kingo za sufuria kwa brashi iliyolowa maji. Tia kijiko cha chai 1 cha maji ya ndimu kwa kila gramu 300 za sukari. Ile asidi huvunja sehemu ya sukari kuwa aina mbili nyepesi ambazo zinazuia chembe kujipanga. Usiitie ndimu kwenye shira ya barfi, maana barfi inahitaji kuganda.

Swali: Ladu zangu, vile vidonge vitamu vya unga wa dengu, zinaganda kwenye kaakaa na zina ladha ya ubichi. Nilikaanga unga dakika 10 mpaka ukabadilika rangi.

Jibu: Dakika 10 hazitoshi, na kama rangi ilibadilika kwa muda huo moto ulikuwa mkubwa, umeunguza juu, ndani umeacha ubichi. Kwa unga wa dengu gramu 250 na samli gramu 125, tegemea dakika 25 hadi 30 za moto mdogo kwenye karai nzito, mkono hautoki kwenye mwiko. Mwanzoni mchanganyiko ni mzito kama mchanga uliolowa, na wengi hapo huongeza samli. Vumilia. Unga ukiiva unaanza kuiachia samli uliyoinywa, mchanganyiko unalegea wenyewe, unang'aa, mwiko unakuwa mwepesi, na harufu inageuka kuwa ya karanga zilizokaangwa. Fuata harufu kuliko rangi.

Sasa nyunyiza maji kijiko kikubwa 1. Patatokea povu na kishindo, jiweke mbali kidogo. Koroga mpaka povu litulie kabisa. Maji yale yanazifanya chembe za unga zivimbe, na ladu inapata ule ukavu wa chembechembe unaoondoa kuganda mdomoni. Maji yakibaki ndani, ladu zitaota ukungu mapema. Kama unga wako umesagwa laini sana, badili vijiko vikubwa 2 vya unga kwa semolina na uikaange pamoja.

Epua, hamishia kwenye bakuli pana, na usiguse sukari mpaka mchanganyiko uwe vuguvugu. Sukari ya kusaga gramu 160 ikiingia kwenye samli ya moto inayeyuka, na ladu hazitashikika. Kama umeshafanya hivyo, weka bakuli kwenye friji dakika 20, kisha fikicha na ufinyange.

Swali: Rasgula zangu zinavimba vizuri sufuriani, zikipoa zinakuwa bapa. Jaribio jingine zilikuwa ngumu za kuvutika. Je, tatizo ni maziwa?

Jibu: Huenda. Rasgula, vidonge vya chena (maziwa yaliyogandishwa kwa ndimu na kuchujwa) vinavyopikwa ndani ya shira, hutaka maziwa ya ng'ombe. Ya nyati, yanayopendwa India kwa mithai nyingine, hutoa chena ngumu. Maziwa yaliyopitia joto kubwa sana kiwandani, yale yanayokaa miezi nje ya friji, hugandisha chena dhaifu inayomeguka. Lakini ugumu na ubapa uliosimulia huwa na chanzo zaidi ya kimoja, kwa hiyo tuanze mwanzo.

Chemsha lita 1 ya maziwa, epua, ngoja dakika 3. Changanya vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu na maji kiasi hichohicho, mimina kidogo kidogo ukikoroga taratibu. Maji yakitengana na kuwa ya kijanikijani yasiyo na weupe, acha kutia ndimu hata kama imebaki. Mimina papo hapo vikombe 2 vya maji baridi. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayozuia chena isiendelee kuiva kwenye joto lake na kukakamaa. Chuja kwa kitambaa, suuza kuondoa uchachu, ning'iniza dakika 45. Ukiifinya isidondoshe maji, lakini iwe na ubichi. Chena iliyokaushwa mno hutoa rasgula ngumu. Yenye maji husambaratika kwenye shira.

Kanda kwa kisigino cha kiganja dakika 8 hadi 10, ukiisukuma mbele juu ya meza. Donge likiwa laini na kiganja kikianza kuwa na mafuta, acha. Ukiendelea, mafuta yanatoka na rasgula zinakaza. Tengeneza vidonge 14 vidogo, maana vitakuwa vikubwa mara mbili.

Shira iwe nyepesi sana: sukari gramu 300 kwa maji lita 1 na robo. Tumia sufuria pana, vidonge vifunike nusu tu ya uso wa shira. Ichemke kwa nguvu ndipo uvitumbukize, funika, na uendelee na moto mkali dakika 15. Ule mvuke ndani ya kidonge ndio unaokitanua na kukiachia vitundu. Moto ukishuka, vitundu havijengeki, na kidonge kinaporomoka kikipoa. Shira ikipungua ikawa nzito matokeo ni yaleyale, kwa hiyo kila dakika 5 ongeza maji ya moto vijiko vikubwa 3 pembeni mwa sufuria. Rasgula iliyoiva ikitiwa kwenye glasi ya maji huzama. Ziache ndani ya shira saa 5 au 6 kabla ya kula.

Swali: Na rasgula ni ya nani kati ya majimbo ya India, Bengal au Odisha?

Jibu: Zote mbili zina hati. Bengal Magharibi ilipata alama ya kijiografia (hati inayotambua bidhaa kwa mahali inakotoka) ya "Banglar Rasogolla" mwaka 2017, Odisha ikapata ya "Odisha Rasagola" mwaka 2019. Kolkata, mji mkuu wa Bengal Magharibi, humtaja mtengeneza mithai Nobin Chandra Das na mwaka 1868. Odisha hutaja sadaka za hekalu la Jagannath mjini Puri. Ya Odisha kwa kawaida ni laini zaidi na ina rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, ya Bengal ni nyeupe na yenye kuvutika. Hatuingilii ugomvi huo.

Swali: Jalebi zangu hulegea dakika chache baada ya kutoka kwenye shira. Natumia bekingi pauda ili nisisubiri rojo lichachuke.

Jibu: Bekingi pauda hutoa jalebi ya kula hapohapo, na ladha yake ni tamu tupu. Uchachu wa rojo ndio unaoikata sukari. Changanya unga wa ngano gramu 130, unga wa dengu kijiko kikubwa 1, mtindi vijiko vikubwa 2 na maji mililita 130. Funika mahali penye joto saa 12 hadi 18. Litakuwa na viputo na harufu ya uchachu. Usishangae likiwa limekuwa jepesi kuliko ulivyoliacha: ongeza unga kijiko kikubwa 1 au 2 mpaka lidondoke kama utepe usiokatika.

Kulegea kunaweza kutokana na mambo matatu, na mara nyingi yanakuja pamoja. Shira haijafika uzi mmoja, kwa hiyo maji yake yanaingia kwenye ganda. Jalebi imetolewa mapema, haijakauka. Au imekaa kwenye shira muda mrefu; nusu dakika inatosha, ukiigeuza mara moja. Jalebi nzuri ni bomba tupu lenye ganda kavu, na shira inakaa ndani ya bomba. Shira iwe ya moto kiasi, kwani ikipoa inakuwa nzito na haipenyi.

Tumia kikaango bapa chenye mafuta ya kina cha sentimita 2 au 3, si karai la duara, kwa sababu kwenye kina kirefu rojo huzama na umbo huvurugika. Tundu la chupa ya kuminyia liwe milimita 3 au 4. Jalebi zikitoka bapa, rojo ni jepesi. Zikitawanyika mara tu rojo linapogusa mafuta, moto umezidi. Digrii 160 hadi 170 zinatosha. Nazo ni za kuliwa moto. Katika jimbo la Gujarat, India, huliwa na fafda, vipande vikavu vya unga wa dengu vyenye chumvi, na huo mchanganyiko unastahili sifa zake.

Swali: Kaju katli yangu ilitoa mafuta mengi, kisha ikawa ngumu kutafuna.

Jibu: Mafuta yametoka kwenye mashine ya kusagia. Saga korosho gramu 250 kwa kuwasha na kuzima, sekunde 3 au 4 kila mara, uchekeche, na urudishie mabaki. Zikitoka kwenye friji, ziache kwanza zipate joto la chumba, vinginevyo unyevu unaotua juu yake utakupa uji mzito badala ya unga.

Sukari gramu 140 kwa maji mililita 75, uzi mmoja, kisha tia korosho kwa moto mdogo. Dakika 6 hadi 8 zinatosha. Chukua kipande, kipoze, kiviringishe: kikiwa mpira laini usionata, epua. Ukingoja mpaka donge likauke sufuriani, ndio huo ugumu. Likande likiwa na joto pamoja na kijiko cha chai cha samli, lisukume kati ya karatasi mbili za kuokea mpaka unene wa milimita 5, ukate msharazi. Likimeguka, kanda na kijiko cha chai 1 au 2 cha maziwa ya moto. Likinata, lirudishe jikoni dakika 2.

Swali: Ile karatasi ya fedha (vark) juu ya kaju katli inalika kweli?

Jibu: Vark halisi ni fedha tupu iliyopigwa mpaka ikawa nyembamba kupindukia, haina ladha, na mithai haipungukiwi kitu isipokuwepo. Tahadhari na ya alumini. Ifikiche kwa vidole: ya fedha husagika ikawa unga, ya alumini huchanika vipandevipande tu. Kwa wasiokula vitu vya wanyama, mamlaka ya usalama wa chakula ya India, FSSAI, ilipiga marufuku mwaka 2016 kutumia vitu vitokanavyo na wanyama katika kuitengeneza, maana zamani ilipigwa katikati ya ngozi.

Swali: Khoya, yale maziwa yaliyokaushwa, ninayotakiwa kuweka kwenye barfi siipati. Maziwa ya makopo yenye sukari yanafaa?

Jibu: Yanafaa ukipunguza sukari, kwa sababu karibu nusu ya uzito wake ni sukari tayari. Ladha lakini si ileile. Kwa haraka, koroga maziwa ya unga gramu 100, maziwa ya maji mililita 60 na samli kijiko kikubwa 1 kwa moto mdogo dakika 5. Utapata gramu 150 hivi.

Khoya yenyewe ni maziwa yaliyokaushwa tu. Lita 1 ya maziwa yasiyotolewa mafuta hutoa gramu 180 hadi 200, kwenye kikaango kipana na kizito, kwa saa 1 hivi. Nusu ya kwanza unaweza kukoroga mara mojamoja ukirudisha ndani utando wa pembeni. Nusu ya mwisho usiondoke. Chini kukishika, hamishia kwenye chombo kingine bila kukwangua, maana kipande kidogo kilichoungua huharibu ladha ya yote. Epua ikiwa bado laini kidogo, itakaza ikipoa. Kwa gulabjamu iache laini. Kwa barfi ikaushe zaidi.

Swali: Mithai nikae nazo muda gani?

Jibu: Hesabu maji yaliyomo. Ladu za dengu, zisizo na maziwa, hukaa wiki 2 hadi 3 nje ya friji kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Kaju katli wiki 1 nje. Barfi ya khoya siku 4 au 5 kwenye friji. Rasgula siku 3, ndani ya shira yake, kwenye friji, nje zisilale. Gulabjamu wiki 1 kwenye friji, na uzipashe kabla ya kula kwa sababu samli huganda ndani yake. Usifunike mithai yoyote ikiwa na joto: mvuke hugeuka matone kwenye kifuniko, na ukungu huanzia pale tone linapoangukia. Kijiko cha kuchotea shira kiwe kikavu.